Marehemu Anaomba Ukaazi

Marehemu alifika asubuhi, akabisha hodi mara mbili, akasubiri kukaribishwa kama mtoto wa watu aliyelelewa vizuri. Bi Kachero alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Viatu vimepigwa rangi, shati limenyooshwa kwa pasi, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kola. Maiti hatoki jasho. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza.

"Karibu ukae," alisema. "Pole kwa msiba."

"Bi Kachero, tafadhali usinitanie. Nimebakiza kidogo niwe mwehu."

"Nani anakutania? Mtu akiniletea kesi ya mauaji yake mwenyewe, nisimpe pole? Haya, anza mwanzo. Nieleze polepole kama unavyomweleza mtoto wa chekechea."

Bi Kachero alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi, lakini upelelezi ulikataa kumstaafu yeye. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani, chenye viti viwili na feni inayozunguka ikijisikia. Jina hilo la Bi Kachero alipewa na wezi, na alilipenda kuliko cheo chochote alichowahi kupewa na serikali. Sasa alivua viatu chini ya meza. Waliomfahamu walijua kwamba akishavua viatu, kazi imeanza.

Mteja wake alikuwa mhandisi wa programu za kompyuta. Aliandika mifumo ambayo mabenki hutumia kuhamisha fedha, na kazi hiyo aliifanyia nyumbani, sebuleni kwake, ofisini akionekana mara chache kama mwezi mwandamo. Mkewe alikuwa nesi ng'ambo, kwa mkataba wa muda, naye alikuwa ameondoka na binti yao. Mtoto aliondoka na miaka mitatu. Sasa ana mitano. Mkataba wa mke ulikuwa unakaribia kwisha, na haukumruhusu kumleta mume.

"Njia iliyobaki ni yangu mimi," alisema Mhandisi. "Ile nchi inatafuta watu wa fani yangu. Wanakupima kwa alama. Umri una alama zake, elimu ina zake, mtihani wa lugha una zake, na miaka ya kazi ina zake. Ukizifikisha, wanakupa ukaazi wa kudumu, wewe na mkeo na mtoto. Hakuna wa kuwaambia fungasheni."

"Na wewe umezifikisha?"

"Kwa kuchechemea, lakini nimefika. Mtihani wa lugha nimeurudia. Alama za umri ndizo zinanikaba, maana mwezi ujao natimiza miaka ambayo zinashuka. Ombi hili likifungwa, la pili halitafika popote. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: mwajiri athibitishe kwamba kweli nimefanya kazi kwake. Afisa wa uhamiaji akapiga simu ofisini kwetu."

"Wakasema?"

"Kwamba nimekufa."

Bi Kachero alijikaza asicheke. Alijikaza kweli. Lakini bega lake moja lilimsaliti.

"Cheka tu," alisema Mhandisi kwa uchungu. "Mke wangu ndiye aliyepokea taarifa, kwa sababu anwani ya barua ni ya kwake. Idara inatoa rambirambi kwa familia, na inaomba pingamizi lolote liletwe kabla ya Ijumaa jioni. Mke akanipigia analia na kucheka kwa wakati mmoja. Ananiuliza, mume wangu, umekufa lini na hukuniambia?"

"Ijumaa ni kesho."

"Ndiyo maana niko hapa. Na aliyeniua namjua. Ni Kipara."

Kipara, alieleza, ni mhandisi mwenzake anayekaa pale pale ofisini. Mwaka jana naye aliomba ukaazi huo huo, alama zikamtupa nje. Na Kipara ana kipaji kimoja kinachojulikana na wote: anaiga sauti. Kwenye mikutano huwavunja watu mbavu kwa kumuiga Mkurugenzi wao, ambaye ni mwanamke. Na aliyepokea simu ya afisa, kwa mujibu wa taarifa ya idara, alikuwa na sauti ya kike.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimalizia Mhandisi.

"Methali si ushahidi," Bi Kachero alimjibu. "Nipe namba ya huyo afisa."

Simu ililia kwa muda mrefu kabla ya kupokelewa. Afisa alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu, isiyo na haraka. Bi Kachero alijitambulisha, akasema marehemu ameketi mbele yake na anatafuna kucha.

"Bibi," alisema Afisa, "tangu nianze kazi hii nimeshazungumza na marehemu watatu. Wote walikuwa matapeli."

"Huyu ni wa nne, na ni mzima. Sikuombi uniamini. Naomba unieleze tu yule mama alivyosema, neno kwa neno, tangu mwanzo."

Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Niliuliza kama wana mhandisi wa jina hilo. Nikauliza anajua lugha zipi za kompyuta, ana uzoefu wa miaka mingapi, na mshahara wake ukoje. Yule mama akaniuliza napiga kutoka wapi. Nikamtajia nchi. Hapo hapo akaanza kulia."

"Wakati huo ulikuwa umeshasema kwamba wewe ni mtu wa uhamiaji?"

"La. Hatujitambulishi mpaka mwisho. Barua za kazi za kununua ni nyingi, na mtu akijua ni sisi, anasoma majibu aliyoandikiwa."

"Na baada ya kulia?"

"Alisema mtu wao ametangulia mbele ya haki, nami nisipige tena kwa sababu nawatonesha kidonda. Akakata."

"Nikikuletea mtu mzima na roho yake, utafuta maneno hayo?"

"Uzima wake haunisaidii. Nahitaji aliyesaini barua aniambie kwa kinywa chake kwa nini ofisi yake ilisema vile. Mpaka kesho jioni, bibi. Baada ya hapo faili hili si langu tena."

Bi Kachero aliweka simu mezani, akachezesha vidole vya miguu.

"Kipara anajua kama umeomba ukaazi?" aliuliza.

"Anajua. Hata fomu alinisaidia kujaza."

"Basi msikilize mama yako. Aliyekuua alikuua kabla hajajua anayepiga ni nani. Ukaazi haukutajwa, uhamiaji haukutajwa. Mtu mwenye kijicho na safari yako angesubiri asikie neno uhamiaji ndipo achomoe kisu. Huyu alisikia maswali ya kazi na jina la nchi ya nje, basi, akamwaga machozi. Kisha akasema msipige tena. Mfiwa gani anakataa kupigiwa simu? Mfiwa anataka watu wapige, waje, wakae, wale. Huyu alitaka simu ikome."

"Kwa hiyo si Kipara?"

"Sijasema hivyo. Vaa uso wa kiume, twende ofisini kwenu."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Bi Kachero, ambaye hakuamini lifti hata siku moja, alipanda ngazi huku akiitukana kila moja. Kwenye kituo cha ngazi, mlango mmoja kabla ya mapokezi, alimzuia Mhandisi.

"Mwandikie Kipara aje hapa ngazini. Usimwambie kuna nani."

Kipara alitokea baada ya muda mfupi, kijana wa miaka thelathini na kitu asiye na unywele hata mmoja, mkononi ana kikombe cha chai. Alipomwona Mhandisi alimkumbatia kwa nguvu, chai ikamwagikia shati la watu.

"Wewe bwana! Umekuja kutuaga? Majibu yametoka?"

Mhandisi alisimama kama mti. Bi Kachero akajitia katikati.

"Ofisi ikipigiwa simu, ni nani anapokea?"

"Shangazi wa mapokezi. Kwani wewe ni nani, mama?"

"Mimi ndiye ninayeuliza. Wewe huwa unapokea?"

"Nithubutu! Shangazi haruhusu mtu aguse ile simu. Tunadhani ni mkali tu. Siku moja niliinyanyua ikilia, akanipiga na rula."

"Wewe uliomba ukaazi mwaka jana, ukakosa. Mwenzako anapata. Hukuumia?"

Kipara alicheka. "Niliumia na ule mtihani wa lugha, mama. Waliniambia nizungumze kuhusu likizo niliyoifurahia. Mimi sijawahi kwenda likizo! Nikaganda kama samaki wa friji. Lakini huyu? Huyu amekaa bila mtoto wake miaka miwili. Nikimwonea kijicho huyu, basi mimi si mtu." Kisha uso ukamshuka kidogo. "Kinachoniuma ni kingine. Miaka sita niko hapa, hakuna kampuni hata moja ya nje iliyowahi kunitafuta. Watu wa fani yetu kwingine wanasumbuliwa na mawakala kila wiki, njoo huku, njoo kule. Sisi hapa kimya. Tumekaa kama mabinti wasioposwa."

"Nyote?"

"Wote. Hata huyu, na ndiye mkali wetu."

Mhandisi akakubali kwa kichwa. Bi Kachero aliuliza kama wana namba zao za simu mtandaoni. Hawana, Kipara alijibu. Kwa kuwa wanahudumia mabenki, kampuni inakataza mtu kujitangaza popote. Anayemtaka mmoja wao lazima apige simu ya ofisi.

"Simu ambayo Shangazi haachi iguswe," alisema Bi Kachero.

Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu.

"Wanangu, nyamazeni kimya. Hata chafya sitaki."

Alitoa simu yake ya mkononi, akaficha namba, akabofya kipaza sauti. Kupitia kioo cha mlango walimwona Shangazi mezani pake, mwanamke mnene wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo shingoni, anachambua picha za vitambaa vya mapazia kwenye gazeti. Simu ikalia. Akanyanyua.

"Habari za asubuhi," alisema Bi Kachero kwa sauti iliyovaa suti. "Napiga kutoka ng'ambo. Nasikia mna mtaalamu wa usalama wa mifumo." Akamtaja Kipara kwa majina yote matatu aliyoyasoma kwenye kitambulisho chake cha kazi. "Ningependa kujua uzoefu wake, na mshahara wake kama hutajali."

Nyuma ya kioo, Shangazi aliweka gazeti chini. Akavua miwani. Akajinyoosha kitini kama mwimbaji anayesubiri zamu yake.

"Jamani," ilitoka sauti kwenye simu, inatetemeka. "Jamani, jamani! Kwani hamkupata habari?"

"Habari gani?"

"Ametutoka! Kijana wetu ametutoka, dada yangu. Alikuwa bafuni. Sabuni. Ndiyo hivyo tena." Kilio kikapanda, kikashuka, kikapata kwikwi mahali pake. "Naomba msipige tena. Mnatutonesha kidonda."

Simu ikakatwa. Shangazi alivaa miwani, akarudi kwenye mapazia.

Kipara alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Kikombe kilikuwa kimeshaanguka zamani.

"Bafuni!" alinong'ona. "Yaani hata ajali ya heshima sikupewa? Sabuni?"

"Kaka," alisema Mhandisi, na macho yalikuwa yanamwaka kwa aibu. "Nilidhani ni wewe. Nisamehe. Nilikudhania vibaya."

"Nyamaza wewe, tuko marehemu wawili hapa," Kipara alimjibu, akamshika shingoni, wakaanza kucheka mpaka Bi Kachero akawapiga makofi ya mgongoni ili wanyamaze.

Walipoingia mapokezi, Shangazi aliinua uso na tabasamu la karibu. Akamwona Kipara. Akamwona Mhandisi. Kisha akamwona yule mwanamke mgeni, viatu mkononi, anayemwambia kwa sauti ile ile iliyovaa suti, "Habari za asubuhi tena, dada yangu." Tabasamu likaondoka bila kuaga.

"Mama yangu!" alisema Shangazi. "Mkurugenzi! Njoo, tumekwisha!"

Mkurugenzi alitoka chumbani kwake akiwa na kalamu nyuma ya sikio. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa mtu ambaye basi linamwacha. Alisikiliza maelezo ya Bi Kachero amesimama, mpaka alipofika kwenye rambirambi na Ijumaa jioni. Hapo akatafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa.

"Uhamiaji?" aliuliza. "Aliyepiga alikuwa uhamiaji?"

"Ndiyo."

"Lakini nilimwambia Shangazi! Nilimwambia, uhamiaji wakipiga niunganishe haraka, huyo kijana nampa baraka zote!"

"Hawakusema uhamiaji!" Shangazi aliruka. "Waliuliza mshahara! Wanaouliza mshahara ni majangili!"

"Majangili gani?" aliuliza Kipara.

Wanawake wale wawili walitazamana. Nyuma ya ukuta wa kioo, wahandisi wengine walikuwa wameacha kuchapa, shingo zimerefuka.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Bi Kachero. "Na wewe, mama, vifo ndivyo vimekuumbua. Sema tu."

Mkurugenzi alisema. Mwaka mmoja mawakala wa kampuni za nje walimbebea wahandisi wanne, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa simu moja tu. Aliwaita majangili. Mwanzoni ofisi iliwaambia kwamba mtu yuko likizo, nao wakasubiri likizo iishe wakapiga tena. Ikawaambia ameacha kazi, nao wakauliza kaenda wapi. Ndipo siku moja Shangazi, amechoka, akasema mtu huyo amefariki. Hawakupiga tena kamwe.

"Marehemu hana usumbufu," Shangazi aliongeza kwa unyenyekevu. "Lakini kila nikimuua mtu naomba toba, Mungu ni shahidi wangu. Na sikumuua mtu kwa ugonjwa. Ugonjwa ni uchuro."

"Mama," alisema Mhandisi, akimgeukia Mkurugenzi, "kama hukutaka niondoke, kwa nini ulisaini barua yangu?"

"Nani kasema sikutaka?" Mkurugenzi aliwaka. "Mtu akija mezani kwangu akaniambia anamfuata mkewe na mtoto wake, nitamzuia kwa lipi? Anayeondoka kwa miguu yake namsindikiza. Ninayemkataa ni mwizi anayepita dirishani."

"Basi piga simu, umweleze afisa hivyo hivyo."

Mkurugenzi aliitazama simu kana kwamba imemwonyesha meno. Hasira zilimwisha, woga ukabaki peke yake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba akikiri ofisi yake inadanganya watu kwa simu, kila barua yenye saini yake itageuka takataka, na hata ya Mhandisi inaweza kutupwa. Kisha akaelekeza kidole kwenye kioo. "Na hao wameshasikia. Wamejua kwamba wanatafutwa. Kesho nitakuja hapa nikute viti vitupu."

Hili halikuwa la Bi Kachero kulisema. Alimsukuma Mhandisi mbele kidogo, kwa kidole kimoja mgongoni.

"Mama," alisema Mhandisi, "binti yangu namwona kwenye kioo cha simu. Meno yameng'oka, mengine yameota, mimi naona kwenye kioo. Siku hizi akiulizwa baba yako yuko wapi, anaonyesha simu. Sijawahi kukuomba kitu tangu nianze kazi kwako. Leo nakuomba. Sema ukweli, halafu ukiharibika, uharibike nikiwa nimesimama hapa hapa."

Mkurugenzi alichomoa kalamu nyuma ya sikio, akaiweka mezani. Akapiga moyo konde, akabonyeza namba ya Afisa.

"Wewe ndiye uliyesaini barua?" aliuliza Afisa, sauti kavu imejaa chumbani.

"Ndimi."

"Na mtumishi wenu amefariki?"

"Hakufariki. Tulimuua sisi."

"Samahani?"

Akaeleza yote. Majangili, likizo, machozi, kidonda kinachotoneshwa. Hakutia chumvi, hakupunguza. Alipomaliza, Mhandisi alifumba macho. Kisha ikasikika kwenye simu sauti ndogo, kama mtu anayekohoa ndani ya kitambaa. Ikarudi tena, kubwa zaidi. Afisa alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaomba radhi, akaanza kuuliza swali, akashindwa, akacheka tena.

"Mnisamehe," alisema hatimaye. "Miaka yote hii sijawahi. Haya. Nieleze huyu mtu anafanya nini kwako. Usinisomee barua, barua ninayo."

Mkurugenzi hakufikiri. "Kuna siku mfumo wa benki moja ulilala wakati watu wanasubiri mishahara. Nilikuwa kwenye simu naye tangu asubuhi. Alisoma programu mstari kwa mstari, ananitafsiria huku anasoma ili nisipoteze matumaini. Jioni akapata kosa, akalirekebisha, watu wakalipwa. Kosa halikuwa lake. Nilimuuliza la nani, akasema mama, limeshaondoka, la nani haina maana."

"Lilikuwa langu," alisema Kipara kutoka pembeni.

Mkurugenzi aligeuka akamtazama. Kipara akajifanya anaangalia dari.

"Ungependa abaki?" aliuliza Afisa.

"Ningependa abaki mpaka nizeeke."

"Na unathibitisha miaka yake yote ya kazi, ukijua maana yake ni kwamba ataondoka?"

Mkurugenzi alimtazama Mhandisi, shati lake lenye doa la chai, mikono yake imeshikana mbele kama ya mwanafunzi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Nathibitisha," alisema. "Wote. Tangu wa kwanza."

"Vizuri. Kilichokuwa kimebaki ni hicho tu. Fungueni ukurasa wake wa maombi alasiri. Na mwambieni mama wa mapokezi," akasita, sauti ikatetemeka kidogo, "kwamba kilio chake kilinitoa machozi mwenzake. Nilikwenda nyumbani na huzuni."

Shangazi alijishika kifua. Hakujua afurahi au aone haya, akachagua kufurahi.

Walisubiri chumbani kwa Mkurugenzi, hakuna aliyetaka kutoka. Wahandisi waliingia mmoja mmoja wakajaza mlango. Kipara ndiye aliyeuliza lililokuwa midomoni mwa wote.

"Shangazi, mimi nimekufa mara ngapi?"

"Wewe?" Shangazi alihesabu kwa vidole, akaanza mkono wa pili. "Sita."

"Sita!" Kipara aliruka akamkumbatia. "Nimetafutwa mara sita! Mnasikia? Mimi ni mali!"

Kila mmoja akataka kujua vifo vyake. Mmoja alikuwa amezama mara mbili, mwingine ameanguka kutoka kwenye ngazi ya kupaka rangi, na mmoja aliyeambiwa kwamba hajafa hata mara moja alinuna mpaka wenzake wakambembeleza. Mkurugenzi aliwaangalia, mkono shavuni, anasubiri wa kwanza atakayesema anaacha kazi. Aliyezungumza alikuwa Kipara.

"Mama, kuanzia leo wakipiga tuunganishe wenyewe. Tutawakataa kwa midomo yetu. Labda mmoja mmoja atakubali, lakini si wote, usiogope." Akafikiri kidogo. "Ila mshahara tutazungumza."

"Tutazungumza," alisema Mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Mhandisi hakuwa anasikia. Alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, anabonyeza kitufe kile kile cha kufungua ukurasa upya. Anabonyeza, anasubiri, anabonyeza. Bi Kachero alisimama nyuma yake akimsaidia kutopumua. Ukurasa ukaganda kidogo, kisha ukaja na maandishi mapya ya kijani. Ombi limekubaliwa. Ukaazi wa kudumu, mwombaji na familia yake.

Mhandisi alisoma mara moja, akasoma tena kwa kidole. Shangazi aliyekuwa amemwua ndiye aliyepiga kigelegele, kirefu, cha nguvu, mpaka fundi cherehani wa mtaa wa pili angesikia, na chumba kizima kikalipuka. Walimbeba juu juu, Kipara akilia waziwazi na kupangusa kipara chake badala ya macho.

Walipomtua, alibonyeza namba vibaya, akaanza upya. Simu ilipokelewa na sauti ndogo.

"Baba?"

"Mama, ni mimi. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko jikoni. Baba, alisema ulikufa. Umeshapona?"

Mhandisi alifunika macho kwa kiganja, mabega yanamtikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio, maana vilikuwa vyote viwili.

"Nimepona, mama," alisema. "Nimepona kabisa. Nakuja."

Bi Kachero alimshika Mkurugenzi mkono, akamkonyeza Shangazi, akawatoa wote nje na kumfungia Mhandisi mlango ili azungumze na mtoto wake.